Mikono ya Dokta Chuma

Mwanangu Ewoi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na hata nikisali nalipita pembeni. Dokta Chuma ni mimi. Si sura yake, wala lile koti jeupe, wala zile nywele zilizokuwa zikimwangukia machoni. Nasema maneno yake. Yale maneno uliyokuwa ukiyarudia njia nzima kutoka kwenye kibanda cha video mpaka nyumbani, mengi yalitoka kinywani mwangu kabla ya kufika kwenye maikrofoni ya Papa Bahati.

Nakuandikia jioni hii ukiwa umeenda kunyolewa. Shangazi Esther ameshakuambia kuhusu blanketi na baridi ya Eldoret unakokwenda kusomea udaktari, na baba ameshakuambia kuhusu marafiki, kwa hiyo hayo sitayarudia. Kesho, kabla ya basi kuondoka, baba atanisukuma mbele ya watu wote nikubariki. Unajua itakavyokuwa. Nitakutemea mate kidogo kifuani kama inavyotakiwa, kisha nitafungua mdomo na kitatoka kitu kama upepo wa tairi la baiskeli, na watu watacheka. Yale ambayo mama hupaswa kusema siku kama hiyo, afadhali niyaandike.

Mtu mwingine akiiokota barua hii atashangaa. Msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu anamwita mwanangu kijana aliyemzidi umri, tena mdogo wa baba yake. Sisi hatujawahi kushangaa. Bibi Akiru, mama yenu wewe na baba, alifariki ukiwa bado unabebwa mgongoni. Mimi nikazaliwa baada yake, nikapewa jina lake, na nyumba nzima ikaamua kwamba amerudi. Baba huniamkia kila asubuhi, "Mama, ejok?" na mimi namjibu, "Ejok, mwanangu," huku nikitafuta kiatu changu cha pili. Wewe ulikuwa ukipiga kelele uwanja mzima wa shule ya msingi, "Mama! Mama, nipe maji!" na wavulana wa darasa lako wakacheka, "Ewoi, mama yako bado ana meno ya maziwa!" Unakumbuka ulivyowajibu? "Ngojeni akue, atawachapa nyote." Sikukua kiasi hicho. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba kuitwa mama si mchezo wa wakubwa tu. Wewe uliniita kwa kuwa hukuwa na mwingine wa kumwita.

Ndiyo maana jambo hili limenikaa vibaya.

Nilipokuwa kidato cha pili nilianza kwenda kambini kwa wakimbizi kila Jumamosi, nikiwaambia nyumbani kwamba ni mazoezi ya kwaya. Kwaya ilikuwepo kweli, ila nilikuwa nikitoka mapema. Binti wa Papa Bahati alikuwa darasani kwetu, naye alikuwa amemwambia baba yake kwamba nasoma Kiingereza haraka. Wewe unamjua Papa Bahati kama wanavyomjua watu wote wa Kakuma: yule Mkongomani mnene mwenye sauti ya ngoma, dijei anayetafsiri filamu, anayeweza kuwa mzee, binti na mbwa katika dakika moja. Jambo ambalo hukulijua ni kwamba Papa Bahati anasoma Kifaransa tu. Tamthilia ile ya wanafunzi wa udaktari ilitoka Korea, na maandishi yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Alihitaji macho ya mtu mwingine.

Basi nilikaa nyuma ya lile pazia la bluu, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya televisheni ndogo. Nilisoma, nikamnong'oneza, yeye akapaza. Hivyo tu. Nyinyi mlikuwa upande wa pili mmejaa kwenye mabenchi, Waturkana, Wakongomani, Warundi, Wasudani, na mimi ambaye siwezi hata kujibu swali darasani nilikuwa nikinong'ona neno, neno linatoka kwenye spika kama radi, na watu wote wanaangua kicheko. Mke wa Papa Bahati alikuwa akinipa wali na sombe, yale majani yao ya muhogo, nikimaliza. Lakini hata asingenipa kitu ningeenda. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda kile kicheko.

Mwanzoni nilitafsiri kilichoandikwa. Jina la yule mwanafunzi lilikuwa gumu, Papa Bahati akampa la Dokta Chuma, nikasema sawa. Kisha kukawa na magonjwa nisiyoyajua, nikayabatiza mwenyewe. Yule mama aliyeanguka sokoni, niliyesema damu yake imepanda ghorofani, unakumbuka? Hilo halipo katika kitabu chochote cha biolojia. Mlicheka wiki nzima.

Halafu ikafika ile sehemu ya kushona.

Unaijua vizuri kuliko sala ya Bwana, lakini nitakueleza kama ilivyokuwa upande wangu wa pazia. Dokta Chuma amepewa mgonjwa wake wa kwanza, mzee aliyejikata mkono. Mwalimu wao, yule mwanamke mkali, amesimama nyuma yake. Kamera inaonyesha uso wa kijana, kisha uso wa mwalimu. Chini, kwa Kiingereza, kijana anasema: Naogopa. Mikono yangu inatetemeka. Na mwalimu anajibu: Yangu pia. Endelea.

Nikamnong'oneza Papa Bahati hivyo hivyo. Alisimamisha picha, akafunika maikrofoni kwa kiganja, akanigeukia.

"Mtoto, batu banalipa juu ya kuona daktari anaogopa?"

"Lakini ndivyo ilivyoandikwa, Papa."

"Apana, apana. Huyu ni Chuma. Umupatie nguvu! Harraka, banangoja."

Mlikuwa mkipiga miluzi, wewe ukiwa mmojawapo, niliijua sauti yako. Nikafikiri kwa kasi, nikanong'ona: "Mikono yangu haijawahi kutetemeka. Anayetetemeka akauze mkaa." Na kwa mwalimu: "Nimekungoja miaka yote, Chuma!" Papa Bahati alifurahi mpaka akapiga meza. Akaachilia picha, akanguruma maneno yale, na kibanda kikapasuka kwa shangwe. Nilichungulia kwenye tundu la pazia. Ulikuwa umesimama juu ya benchi, umenyoosha mikono yako mbele, unaiangalia.

Tangu siku hiyo ukaanza ule mchezo wako. Ulijaza kikombe chai mpaka ukingoni, ukakishika kwa mkono ulionyooka, ukaniambia, "Mama, hesabu." Chai isipomwagika ulikuwa daktari. Ikimwagika hukujaribu tena mpaka kesho yake. Marafiki zako wakaanza kukuita Chuma, nawe ukaitika. Nilikuwa nikihesabu na kukusifu, huku nikijua maneno yale yalikotoka. Ningeweza kukuambia hapo hapo. Nilinyamaza kwa sababu ungeuliza nimejuaje, kisha ungeuliza kuhusu kwaya, na baba angejua, na kiti cha plastiki kingepata mtu mwingine. Nilichagua kiti.

Kuna kingine. Tulikuwa tunakata. Papa Bahati alikuwa na kidole chake juu ya kitufe, na kila sehemu isiyo na kelele aliipeleka mbele. "Hapa hakuna kitu," alisema. Nyinyi mliona wanafunzi wakikimbia koridoni makoti yakipepea, mwalimu akifoka, mapenzi juu ya paa la hospitali, na mgonjwa aliyekata roho akiamka. Mimi niliona picha zikipita mbio kwenye televisheni yangu ndogo. Niliona Dokta Chuma amelala juu ya kitabu mate yakimtoka. Nilimwona chooni, ameketi chini, analia. Nilimwona ameshika mguu wa nguruwe wa kununua buchani, anashona ngozi yake, anafumua, anashona tena, nje kunapambazuka, na mikono inatetemeka muda wote. Hiyo ilikuwa sehemu ndefu sana, Ewoi. Kwenu haikuonekana hata kidogo. Kwenu alilala mwanafunzi akaamka bingwa.

Siwalaumu hao watu wa Korea. Hata wao walitia chumvi. Sidhani kama kuna hospitali ambapo wote ni wazuri vile na hakuna anayesubiri kwenye foleni. Lakini hofu yake waliiacha pale, kila mtu aione. Sisi ndio tuliomwondolea, mimi na Papa Bahati, nyuma ya pazia.

Sasa nije kwenye siku ile ya Lodwar.

Tulikuwa kwa dada yako Esther, na mtoto wake Emase akaanguka akichezea mabati, paja likachanika. Ulimbeba wewe mpaka zahanati, unakimbia, damu imekujaa shati, hukuogopa hata kidogo. Nataka ulikumbuke hilo kwanza. Daktari wa zamu akamlaza, akamdunga ganzi, kisha stima zikapotea. Akasema, "Kijana, washa tochi ya simu, unimulikie hapa." Ukawasha. Ukaunyoosha mkono vile vile, kama na kikombe cha chai. Sindano ilipoingia kwenye ngozi, mwanga ukaanza kurukaruka ukutani.

"Kijana," daktari akasema bila kuinua kichwa, "hiyo taa inacheza dansi."

Wauguzi wakacheka. Shangazi Esther naye, kwa vile alikuwa na wasiwasi na hakuwa na pa kuupeleka, akasema kwa sauti, "Ai! Na huyu ndio daktari yetu inaenda kusoma! Si atashona mtu na kitanda!"

Uliniwekea simu mkononi ukatoka nje. Hukurudi mpaka tulipomaliza. Ukaketi juu ya jiwe karibu na lango. Chai ulikunywa kwa mikono miwili tangu siku hiyo. Kila mtu aliliona hilo, ila hakuna aliyelisema.

Jambo ambalo huwezi kulijua ni lililotokea baada ya wewe kutoka. Niliishika simu, na mwanga ukacheza kuliko ulivyocheza kwako. Nilikuwa karibu kulia. Yule daktari akainua macho kwa mara ya kwanza, akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi, "Dada, egemeza kiwiko hapo kitandani." Nikaegemeza. Mwanga ukatulia. Si kwamba mkono uliacha kutetemeka. Nilikuwa nausikia unatetemeka ndani, lakini ulikuwa na mahali pa kukaa. Ndipo nikamwangalia yeye. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimelala juu ya mguu wa Emase. Kila alipomaliza kufunga uzi aliunyanyua mkono kidogo, na kila alipounyanyua niliona vidole vyake. Si vya chuma. Vilikuwa na mtetemo mdogo, kama wa mtu aliyekosa usingizi. Kisha anaulaza tena, anaendelea.

Alitaka kukuambia na wewe. Alisema, "Yule kijana ameenda wapi? Mwambie arudi, nimwonyeshe." Nilitoka mpaka mlangoni. Nilikuona umekaa juu ya jiwe umeficha mikono kwapani. Watu walikuwa wengi pale nje, nikashindwa kukuita. Nilirudi nikamwambia daktari kwamba hukusikia. Hilo nalo unisamehe ukiweza. Mtu wa aina yangu huwa na visa vingi vya kutofungua mdomo, na vyote hudhani ni vidogo.

Halafu juzi, kando ya mto Tarach, tukiwa tumekaa kwenye mchanga ulipokauka, ukaniambia.

"Mama, mimi sifiki Eldoret."

Nilidhani unatania.

"Nitashukia Kitale. Kuna jamaa tulisoma naye, yuko gereji. Nitajifunza magari. Gari haitoi damu."

"Na baba?"

"Nitawaambia baadaye. Mwaka ukiisha, nikiwa na kitu mkononi." Kisha ukacheka, kicheko kisicho chako. "Si unajua vile ilisemwa. Anayetetemeka akauze mkaa."

Ewoi, nilihisi kama mtu amenivua nguo. Maneno niliyoyatunga haraka haraka ili watu wasipige miluzi, yakanirudia kwenye mchanga wa laga kavu kutoka kinywani mwa mwanangu, na yalikuwa yamekuwa hukumu. Nilitaka kukuambia pale pale. Mbuzi walikuwa wakipita, na yule mchungaji alisimama kutusalimia, na ulipogeuka kumjibu nilipoteza nafasi. Lakini nisimsingizie mchungaji. Alikaa kidogo tu.

Ndiyo maana naandika. Kesho nitakuwekea barua hii mfukoni mwa koti. Isome Kainuk, basi likisimama pale kwenye kizuizi cha polisi na watu wakishushwa kuonyesha vitambulisho. Huwa wanachelewa, utapata muda. Nimechagua Kainuk kwa sababu iko kabla ya Kitale.

Sikuambii usishuke. Mimi si mtu wa kukuamrisha, hata kama nimevaa jina la mama yako. Huenda magari ndiyo yako. Ulipokuwa mdogo ulifungua redio ya baba ukairudisha, ikabaki skrubu moja tu, na ikaimba. Ukishuka Kitale kwa sababu unapenda magari, nitakutetea mbele ya baba, na unajua kwangu hiyo si kazi ndogo. Lakini usishuke kwa sababu ya Dokta Chuma. Huyo hakuwahi kuwako. Aliyekuwako ni kijana fulani wa Korea aliyesema naogopa, na mwalimu wake akamwambia yangu pia, na msichana mmoja nyuma ya pazia akayameza maneno hayo yote mawili.

Sijui udaktari unafundishwaje kwa kweli. Nimeuona kwenye televisheni ndogo, ukipita mbio, na nimeuona dakika chache kwa mwanga wa simu. Lakini katika vyote viwili sikuona mtu aliyeanza na mikono iliyotulia. Niliona watu waliobaki chumbani mpaka mtu akawaonyesha pa kuiegemeza. Wewe ulitoka kabla ya kuonyeshwa. Kama ungebaki kwa muda wa kumeza mate mara mbili, angekuambia wewe badala yangu, na leo ungekuwa unacheka na Shangazi Esther kuhusu kushona mtu na kitanda.

Basi ukifika huko, kama utafika huko, watakuwepo wale wanaotembea kama Dokta Chuma. Makoti yatapepea. Watajibu maswali kabla hayajaisha. Usijipime nao haraka. Fikiria kwamba wao nao wana sehemu zao zilizokatwa, na kidole cha mtu kiko juu ya kitufe. Na siku ukipewa mtu wa kwanza wa kushona, na mikono ikaanza, usitoke nje. Sema. Sema kwa mdomo wako, kwa Kiingereza au Kiswahili, kwamba mikono yako inatetemeka. Mimi ni mtu wa mwisho wa kumfundisha mwenzake kusema, najua. Lakini nimeona kilichotokea nilipokaa kimya.

Emase anakusalimu. Kidonda kimefunga, kimebaki kama mstari wa penseli. Anawaonyesha watoto wenzake na kuwaambia kwamba wewe ndiye uliyeshona. Nilimsahihisha, akakataa: "Anko Ewoi alinibeba. Huyo mwingine alisaidia tu." Nikamwacha.

Nasikia sauti yako kwenye ua. Shangazi anakucheka kichwa, anasema kinyozi amekufanya kama yai. Namalizia.

Papa Bahati anairudia tamthilia ile tangu mwanzo, watu wameomba. Jumamosi hii ni ile sehemu ya kushona. Nitakaa kwenye kiti changu, nitasoma, nitamnong'oneza kile kilichoandikwa, na akifunika maikrofoni nitakirudia mara ya pili vile vile. Akitaka kupaza kingine, ni sauti yake. Kutoka kwangu hatapata kingine.

Kwa hiyo nakuomba, haya yote yabaki kwako. Baba bado anajua ni kwaya, na nitamwambia mwenyewe siku nitakayoweza. Yale uliyoniambia kando ya Tarach nami sijamwambia mtu. Na vijana wa pale kibandani wakikupigia simu, popote utakapokuwa umeshuka, wakikuuliza ni nani aliyemharibu Dokta Chuma, ni nani amemfanya aogope mbele ya watu wote, sema hujui.

Ni mimi, mama yako,
Akiru